Kabla ya kumeza diklo, tuulizwe: dawa ya magoti isigeuke ugonjwa wa figo

Saa kumi na mbili ya jioni, mama anatoka sokoni. Tangu asubuhi amesimama, ameinama, amebeba. Magoti yanawaka moto. Njiani anapita kwenye farmasi ya mtaa, anaweka franka zake juu ya meza na kusema maneno ambayo kila muuzaji wa dawa wa Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia anayajua: « Dokta, nipatie diklo mbili. » Vidonge vinakatwa kwa makasi, vinafungwa katika kipande cha karatasi, na mama anaenda zake. Kesho anarudi. Keshokutwa vile vile.

Katika mazungumzo hayo mafupi kuna kitu kimoja kinachokosa: swali. Hakuna aliyemuuliza mama kama ana tansiyo. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuugua vidonda vya tumbo, kama ana mimba, kama kuna dawa nyingine anazokunywa nyumbani, ao ni siku ngapi sasa anameza vidonge hivyo. Leo tunaandika juu ya swali hilo lisiloulizwa.

Tuseme wazi tangu mwanzo: diklofenaki, ile ambayo wengi wetu tunaiita diklo, si sumu, na hatuandiki ili kuogopesha watu. Ni dawa ya kweli, na imetuliza maumivu ya mamilioni ya wagonjwa duniani. Mtu ambaye hajalala siku tatu kwa sababu ya goti lake ana haki ya kupata nafuu. Lakini ni dawa ya ordonansi, na ordonansi si karatasi tu yenye muhuri. Maana yake ni kwamba, kabla dawa haijaingia mwilini mwako, kuna mtu aliyesomea kazi hiyo ambaye amekuuliza, amekupima, na ameona kwamba kwako wewe faida inapita hatari. Hata pale karatasi inapokosa, maswali hayapaswi kukosa.

Maumivu yanayotoka kazini

Hapa kwetu mashariki, maumivu ya viungo mara nyingi ni ugonjwa wa kazi. Angalia mama wa Bukavu anayepanda mlima na mzigo mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso. Angalia kijana wa chukudu wa Goma, mkulima wa Walungu anayeinama na jembe toka alfajiri, mchimbaji wa madini anayetambaa ndani ya shimo, mtu wa taksi-moto anayetikiswa siku nzima barabarani. Ongeza wale ambao vita vimewakimbiza kwa miguu na mizigo kichwani, kisha vikawalaza chini, kwenye baridi. Watu hawa hawanunui diklo kwa kupenda. Wanainunua kwa sababu kesho lazima waamke wafanye kazi, la sivyo watoto hawatakula.

Shida ya kwanza ni kwamba tunaita kila maumivu « rimatisme » na kuyapa dawa moja. Lakini magonjwa ni mengi. Kuna viungo vilivyolika kwa miaka na mizigo: goti linauma ukitembea, linatulia ukipumzika, na asubuhi linakaza kwa muda mfupi. Kuna baridi yabisi yenyewe, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo: vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi vinakaza kwa saa nzima ao zaidi. Kuna goute, ambayo mara nyingi inakuja ghafla usiku kwenye kidole kikubwa cha mguu. Magonjwa haya hayatunzwi kwa njia moja. Kwa mfano, diklo inaweza kupunguza maumivu ya mwenye baridi yabisi, lakini haizuii viungo vyake kuharibika. Kwa hilo kuna dawa nyingine ambazo mganga anapaswa kuziandika na kuzifuatilia. Mgonjwa anayekaa miaka na diklo peke yake anatulizwa huku viungo vyake vinaendelea kuharibika.

Na kuna maumivu ambayo hayapaswi kupita kabisa kwenye meza ya farmasi. Kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto, pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani. Ni lazima kifike hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto anayelia mara kwa mara kwamba mifupa inamuuma anapaswa kupimwa damu, kwa maana ugonjwa wa SS, ule wa chembe za damu zenye umbo la mundu, ni mwingi katika inchi yetu. Maumivu ya mgongo yanayodumu miezi, pamoja na kukonda na homa za jioni, yanaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Kidonge cha diklo katika hali hizi kinafunika moto kwa majani makavu.

Kwa nini dawa nzuri inaweza kuumiza

Ili kuelewa hatari, ni lazima kuelewa kazi ya dawa yenyewe. Diklofenaki ilitolewa na kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi, na wengine wanaijua kwa jina la Voltarène. Iko katika familia moja na ibuprofeni, indometasini, naproksini, meloksikamu na pia aspirini. Mwaka wa 1971, mtafiti wa Uingereza John Vane alionyesha namna dawa za familia hii zinavyofanya kazi: zinazuia mwili kutengeneza vitu vinavyoitwa prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki zawadi ya Nobel ya mwaka wa 1982.

Prostaglandini ndizo zinazoleta maumivu, uvimbe na joto kwenye goti lililoumia. Ukizizuia, goti linatulia. Lakini prostaglandini hizo hizo zina kazi nyingine mwilini. Tumboni, zinalinda ngozi ya ndani isichomwe na asidi. Kwenye figo, zinasaidia mishipa ibaki wazi ili damu ipite na ichujwe. Kidonge hakijui goti liko wapi. Kinaingia katika damu na kuzunguka mwili mzima, na pale kinapozima moto wa goti ndipo pia kinapovua tumbo na figo ngao yao. Kwa hiyo madhara ya diklo si ajali, wala si lazima iwe dawa ya uongo. Hata diklo halisi, iliyohifadhiwa vizuri, inaweza kuumiza, kwa sababu madhara hayo yanatoka katika kazi yenyewe ya dawa.

Tuanze na tumbo. Watu wengi wanafikiri kwamba wakichomwa sindano ya diklo badala ya kumeza kidonge, tumbo litabaki salama. Si kweli. Dawa inafika tumboni kupitia damu, iwe imemezwa, imechomwa ao imewekwa njia ya nyuma. Kula kabla ya kumeza kunapunguza kuungua kwa tumbo, lakini hakuzuii kidonda. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyepita miaka 65, kwa aliyewahi kuwa na kidonda cha tumbo, kwa anayekunywa aspirini ya moyo ao dawa za kuzuia damu kuganda, kwa anayechanganya diklo na prednisoloni ao deksametasoni, na kwa anayekunywa pombe kali. Ni kubwa zaidi pia kwa aliye na ile bakteria ya tumboni, Helicobacter pylori, ambayo katika Afrika watu wengi wanaishi nayo bila kujua. Mara nyingine kidonda kinatoka damu bila maumivu yoyote kutangulia. Alama ni choo cheusi na chenye kunata kama lami, ao matapishi yanayofanana na masalio ya kahawa. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi.

Figo nazo zinaumia kimya. Mtu mwenye afya anayemeza diklo siku mbili tatu kwa kawaida hapati shida. Lakini mzee, mwenye sukari, mwenye tansiyo, ao mtu aliyeishiwa maji kwa kuhara na kutapika, figo zake zinategemea sana zile prostaglandini ili damu ipite. Katika majimbo ambako kolera inarudi mara kwa mara, jambo hili si la vitabuni tu. Kuna pia mchanganyiko wa dawa tatu ambao waganga wanauogopa: dawa ya tansiyo kama kaptoprili ao enalaprili, dawa ya kukojolesha kama furosemidi ao hidroklorotiazidi, na juu yake diklo. Kila moja peke yake ina kazi yake. Zote tatu pamoja zinaweza kuangusha figo kwa siku chache. Isitoshe, diklo inapandisha tansiyo na kupunguza nguvu ya dawa za tansiyo. Mgonjwa anasema: « Dawa za tansiyo hazinisaidii tena », wakati tatizo liko katika kile kikaratasi cha magoti ambacho hakumtajia mganga.

Na hapa kwetu, figo zikianguka, mtu anaenda wapi? Mashine za kusafisha damu si kitu cha kila hospitali. Ni chache, ziko mbali, na gharama yake inamaliza mali ya jamaa nzima. Katika inchi tajiri, kosa hili linaweza kurekebishwa. Kwetu mara nyingi halirekebishwi. Hiyo ndiyo sababu sisi, kuliko wengine, tungepaswa kuwa wakali katika kuuliza.

Kuna pia moyo. Mwezi wa tisa 2004, kampuni ya Merck ya Marekani iliondoa sokoni duniani kote dawa yake ya viungo iitwayo Vioxx, baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Tangu hapo watafiti walichunguza familia nzima. Mwaka wa 2013, shirika la dawa la Ulaya lilisema kwamba hatari ya diklofenaki kwa moyo inafanana na ile ya dawa za kundi la Vioxx, hasa kwa kipimo kikubwa na kwa muda mrefu, na kwamba haipaswi kupewa mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, aliyepata shambulio la moyo ao kiharusi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya dawa za lazima, kwa miaka mingi limeweka ibuprofeni na parasetamoli, diklofenaki haimo. Lakini kwetu, ndiyo jina la kwanza linalotoka mdomoni.

Mwishoni, mama mwenye mimba. Kutoka wiki ya 20, dawa hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Katika miezi mitatu ya mwisho, zinaweza kufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake. Mama anayeumwa mgongo akiwa na mimba anapaswa kuelekezwa kwa mganga ao mkunga, si kupewa diklo kwa sababu tu ameiomba.

Maswali matano juu ya meza

Tunajua jibu ambalo wasomaji wengi wanalo tayari: « Mnatuambia twende kwa mganga. Kumwona mganga kunalipishwa, ekzameni za labo zinalipishwa, na kituo cha afya kiko mbali ao kimeporwa. Diklo inauzwa kwa franka kidogo, hapa hapa mtaani. » Ni kweli. Hatuwezi kuandika kana kwamba kila mkaaji wa Fizi ao wa Lubero ana mganga mlangoni. Kwa wengi, yule muuzaji wa farmasi ndiye mtu wa afya pekee watakayemwona mwezi huu. Watu wanamwita dokta. Basi jina hilo limpe wajibu.

Tunaomba jambo dogo lisilo na gharama: kabla ya kutoa diklo, kila muuzaji aulize maswali matano.

La kwanza: Una tansiyo, sukari, ugonjwa wa moyo ao wa figo, ao ulishapata kiharusi?

La pili: Uliwahi kuwa na vidonda vya tumbo, kutapika damu, ao kubanwa na pumu baada ya kumeza aspirini ao dawa ya maumivu?

La tatu: Una mimba, ao unaweza kuwa nayo?

La nne: Ni dawa gani nyingine unakunywa sasa, za hospitali, za dukani na za mizizi?

La tano: Ni siku ngapi tayari unameza dawa hii?

Maswali hayo yanachukua dakika moja. Kama jibu la moja ya manne ya kwanza linatia wasiwasi, muuzaji asitoe diklo, aelekeze mgonjwa kwenye kituo cha afya, na kama maumivu ni makali ampatie parasetamoli kwa kipimo chake. Kama jibu la swali la tano ni « wiki mbili » ao « tangu mwaka jana », mtu huyo hahitaji vidonge viwili vingine. Anahitaji kupimwa tansiyo, damu na figo.

Tunajua kwamba muuzaji naye ana mtihani wake. Akikataa kuuza, mteja anavuka barabara na kununua kwa jirani. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja. ACOREP, mamlaka ya Congo inayosimamia dawa, pamoja na divizio za afya za majimbo na wakubwa wa zoni za afya, wana kazi hapa. Hatuombi wafunge kila farmasi ndogo. Wakifanya hivyo, vidonge vitahamia kwenye vikapu vya wachuuzi, juani, na hapo hakuna hata wa kuulizwa. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, farmasi zijulikane: nani anauza, amesomea nini, dawa zake zimetoka wapi. Pili, maswali matano yabandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Tatu, wauzaji wapewe mafunzo mafupi, hata ya siku moja, juu ya dawa zinazoumiza watu wengi kwa sababu zinauzwa kila siku.

Juu ya lugha, tusisitize. Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi la dawa mara nyingi imeandikwa kwa Kifaransa ao Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mchanga. Na mgonjwa anayenunua vidonge viwili hapati hata karatasi hiyo. Inabaki kwa muuzaji, kisha inatupwa. Mama wa sokoni anayejua kuhesabu faida ya kila kilo ya maharagwe hashindwi kuelewa hatari ya dawa. Hakuelezwa, basi.

Kwa wewe unayeimeza tayari

Msomaji, inawezekana una plaketi ya diklo nyumbani wakati unasoma maneno haya. Kama mganga amekuandikia, usiache ghafla kwa sababu yetu; rudi kwake umuulize maswali yale yale matano. Kama ulijinunulia mwenyewe, shika mambo haya.

Kanuni ya kwanza ni kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache zinazotosha. Kwa mtu mzima, jumla ya siku nzima haipaswi kupita miligramu 150, na wengi wanapata nafuu kwa chini ya hapo. Kidonge cha pili hakilipi kidonge ulichosahau jana. Kama baada ya siku chache maumivu yako pale pale, dawa haijashindwa kwa sababu ni kidogo; huenda ugonjwa ni mwingine.

Ya pili: usimeze dawa mbili za familia moja. Diklo asubuhi na ibuprofeni jioni hazifanyi nguvu mara mbili. Zinafanya madhara mara mbili. Soma maandishi ya nyuma ya plaketi. Katika masoko yetu kuna vidonge vyenye majina ya kuvutia ambavyo ndani yake vimechanganya diklofenaki na parasetamoli. Anayevimeza, kisha akaongeza parasetamoli nyingine kwa ajili ya homa, anaweza kupita gramu 4 kwa siku bila kujua, na hapo ini linaumia.

Ya tatu: usikimbilie sindano. Haina nguvu za ajabu kuliko kidonge, haikusudiwi kutumiwa zaidi ya siku mbili, na ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu na kumwacha mtu akiburuta mguu. Sindano si alama ya matunzo mazuri.

Ya nne: kama shida ni goti ao vidole, uliza kama kuna pomada. Diklofenaki ya kupaka inafikia goti, na sehemu inayoingia katika damu ni ndogo sana kuliko ya kidonge. Kwa magoti yaliyolika, waganga wengi leo wanaanza na hiyo. Lakini mama mwenye mimba na mwenye ugonjwa wa figo waulize hata kabla ya kupaka.

Ya tano: kidonge kisiwe peke yake. Misuli ya paja yenye nguvu inabeba goti. Kaa juu ya kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, uhesabu hadi kumi, uushushe. Fanya hivyo mara kumi kwa kila mguu, kila siku. Kilo chache zikipungua kwa mtu mnene, goti linashukuru. Fimbo mkononi si aibu. Na mzigo wa kilo hamsini ukigawanywa mara mbili, ni safari moja zaidi lakini ni miaka mingi zaidi ya kutembea. Hapa wanaume nao wasikie: ikiwa mama ndiye anayebeba maji, kuni, muhogo na mtoto, basi sehemu ya dawa ya magoti yake iko katika mikono ya wale wanaotembea kando yake mikono mitupu.

Acha dawa na ukimbilie kituo cha afya ukiona choo cheusi, mkojo umepungua, uso ao miguu imevimba, kifua kinabana, upande mmoja wa mwili umelegea, pumzi inapiga filimbi, ao ngozi inatoka malengelenge. Nenda na plaketi mkononi, hata kama ni tupu. Itamwambia mganga mambo ambayo mdomo unaweza kusahau. Na mbele ya mganga usifiche: sema dawa zote, hata zile ulizonunua njiani usiku.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Katika jambo hili, kutokuuliza kunaweza kugharimu figo mbili, na mama wa jioni ile hana nyingine za akiba. Kesho atapita tena kwenye farmasi, kwa sababu mzigo haujapungua na magoti hayajapona. Hatuombi arudishwe na maumivu yake. Tunaomba tu kwamba, kabla ya makasi kukata vidonge viwili, mtu amwangalie usoni na kumwambia: « Mama, ngoja kwanza, nikuulize. »